Subaru WRX ya kutembelea kila siku: injini kwanza, breki pili, miguu mwisho

Mtu akinunua Impreza WRX, kitu cha kwanza anachoongeza huwa ni sauti. Wiki ya kwanza sailensa kubwa, wiki ya pili kile kifaa cha turbo kinachopiga chafya, mwezi wa pili gari limeshushwa mpaka linagusa tuta la mtaani. Mwezi wa sita lipo gereji, injini imenoki, na mwenyewe anauliza kwenye magrupu nani ana injini ya mtumba.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kinyume chake: gari la kazini Jumatatu, la kwenda kijijini mwisho wa mwezi, lakini likifika kwenye kona lishike barabara na likiitwa kusimama lisimame. Nazungumzia Impreza WRX ya umbo lililotoka Japani mwaka 2000 hadi 2007, yenye injini ya turbo EJ20 ya cc 1,994. Ndiyo WRX inayoonekana zaidi Nairobi, Arusha na Dar, na mengi ya humu yanaihusu pia Forester ya turbo ya miaka hiyo, kwa kuwa zimechangia vitu vingi. Sifa yake kwetu haikuja bure. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akairudia kazi hiyo mwaka 2000. Tofauti ni kwamba gari la Safari lilikuwa na mafundi wanaolisubiri, na lako lina miaka zaidi ya kumi na minane na historia usiyoijua.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo WRX hizi zilizopo Nairobi zimeshapita mikononi mwa watu kadhaa humu humu. Usimwamini muuzaji kwenye jambo lolote ambalo halina risiti. Chukulia kwamba halijafanywa.

Kabla ya kununua kitu chochote

Lipeleke gari kwa fundi anayezijua Subaru na umwambie apime, asitengeneze. Kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne ipimwe injini ikiwa ya moto. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, acha kupanga breki na rimu, kwa sababu bajeti yako yote imeshapata pa kwenda.

Baada ya hapo sikiliza. Injini ikiwaka asubuhi ikiwa baridi, pistoni za EJ hugonga kidogo kisha zikatulia gari likipata moto. Hilo wengi wanaishi nalo miaka. Mlio wa kuogopa ni ule wa nyundo unaozidi injini ikishapata moto na unaofuata mzunguko wa injini ukikanyaga mafuta taratibu. Hiyo ni beringi ya konrodi (fimbo inayobeba pistoni), na hakuna oili nzito wala dawa ya chupa itakayoiponya. Fundi akikushauri uongeze oili ya 20W-50 "ili itulie," anakusaidia kuliuza, hakusaidii kuliendesha.

Pandisha gari juu, angalia chini. Oili inayovuja kwenye vifuniko vya valvu ni kawaida kwa umri huu na gasketi zake si ghali. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kulia na kushoto. Tikisa kontroli amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) kwa mtaimbo. Andika kila kilicholegea. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya manunuzi, si picha za mtandaoni.

Injini: hapa usibane pesa

Injini hizi haziuawi na spidi. Zinauawa na oili chache, joto, na mkanda wa taiming uliochoka, kwa mpangilio huo huo.

Oili. EJ20 ya turbo inachukua takriban lita nne na nusu ukibadilisha na filta. Kwa joto letu na foleni zetu tumia oili ya sintetiki kamili ya 5W-40, ubadilishe kila kilomita 5,000. Wapo watakaokwambia oili ya sintetiki inafika kilomita 10,000. Inafika kwenye gari lisilo na turbo, kwenye barabara isiyo na vumbi. Turbo inazunguka kwenye oili hiyo hiyo inayolinda krankishafti (shafti kuu ya injini), na ikishapikwa inapoteza unene wake kabla hujaiona imekuwa nyeusi.

Muhimu kuliko aina ya oili ni kiwango chake. Injini hii ni boksa: pistoni zake zimelala, vichwa vya silinda viko pembeni. Gari likichukua kona ndefu kwa kasi, oili huhamia upande mmoja na kukawia kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikiwa ilikuwa imepungua lita moja, pampu inanyonya hewa kwa sekunde chache, na sekunde chache zinatosha kuichuna beringi. Kwa hiyo pima kila unapojaza petroli, gari likiwa pa tambarare na injini imezimwa dakika chache. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki kuna takriban lita moja. Weka karibu na alama ya juu, usiizidishe, na uwe na chupa ya akiba kwenye buti. Usingoje taa nyekundu. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imeshaanguka kabisa, wakati huo kazi imeshaharibika.

Kama utafunga geji moja tu kwenye gari hili, funga ya presha ya oili. Ya turbo inapendeza kuitazama lakini haikuokoi.

Mkanda wa taiming. Kiwanda kinasema kilomita 100,000. Wewe hujui umeshatembea ngapi, basi badilisha sasa. EJ20 ya turbo ina kemshafti nne (shafti zinazofungua valvu), na mkanda ukikatika au ukiruka meno, valvu zinakutana na pistoni na kukutana zenyewe kwa zenyewe. Usinunue mkanda peke yake. Mara nyingi mkanda ndio mzima na rola ndiyo iliyokufa ikauvuta. Nunua seti nzima: mkanda, tenshena, rola zote ikiwemo ile yenye meno, na watapampu, kwa sababu ukifungua mbele ya injini hutaki kufungua tena baada ya miezi minne. Thamostati ipo hapo hapo kwenye watapampu, ibadilishe pia, na iwe ya Subaru yenyewe. Nyingi za bei rahisi ni ndogo kuliko ya kiwanda na hazipitishi maji ya kutosha.

Ukisimama na fundi siku hiyo, angalia mambo matatu. La kwanza, alama ya kupangia gia ya krankishafti ni kile kimstari kidogo kilicho nyuma ya gia, kwenye meno yanayosomwa na sensa, si ule mshale mkubwa unaoonekana usoni. Mafundi wasiozoea Subaru hupanga kwa mshale, na matokeo yake hutayapenda hata kidogo. La pili, kemshafti za upande wa kushoto zinasukumwa na springi za valvu, ukiziachia zinaruka kwa nguvu, kwa hiyo zishikwe kwa zana yake. La tatu, kwenye gari la gia za mkono kuna kipande kidogo cha chuma karibu na gia ya krankishafti kinachozuia mkanda kuruka gari likirudi nyuma likiwa kwenye gia. Kikifunguliwa, kirudishwe. Kuna magari mengi mjini yanatembea bila hicho kipande, kimebaki kwenye kopo la boliti huko gereji. Injini ikifungwa, izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zikaguliwe upya kabla ya kupigwa stata.

Maji. Juu ya rejeta ni plastiki, na plastiki ya miaka yote hiyo ikiwa ya kahawia imeshakauka, itapasuka kwenye mlima siku ya joto. Weka rejeta mpya, hozipaipu mpya zote mbili kubwa, na kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, siyo ya bomba. WRX ya turbo ina vifuniko viwili: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye kile kitanki cha chuma juu ya injini. Presha zao hazilingani. Visibadilishane nafasi, na vyote viwili viwe vipya.

Ukishajaza, toa hewa. Gari nyingi zinazodaiwa "kuchemsha bila sababu" zina hewa tu ndani. Fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, jaza taratibu kupitia kitanki cha chuma mpaka kulanti itoke bila mapovu, funga, washa injini na hita ikiwa kwenye moto wa juu, subiri feni ziwake na kuzima mara kadhaa huku ukiongeza. Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi fungua tena uangalie. Gari likiendelea kutupa maji kwenye chupa ya akiba na mapovu hayaishi, hapo ndipo mazungumzo ya hedi gasketi (gasketi ya kichwa cha silinda) yanaanza.

Hewa na petroli. Rudisha boksi la filta la kiwanda kama mtu alishalitoa. Kompyuta ya gari hili inapima hewa kwa sensa iliyopo baada ya filta, na ile filta ya koni inayowekwa wazi chini ya boneti inavuruga usomaji wa sensa na kunyonya hewa ya moto. Kwa sababu hiyo hiyo, valvu ya kupiga chafya inayotupa hewa nje inaidanganya kompyuta: hewa imeshahesabiwa, petroli yake imeshamwagwa, halafu hewa yenyewe haipo. Rudisha ya kiwanda inayoirudisha hewa ndani. Filta ya karatasi ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema ukiishi penye vumbi.

WRX za soko la Japani zilipangwa kunywa petroli yao ya daraja la juu, ya oktani 98 hadi 100. Ya pampu za kawaida za kwetu haifiki huko. Kompyuta itarudisha nyuma cheche ikisikia mlipuko wa mapema, ndiyo maana gari linatembea, lakini usilipelekee mzigo zaidi. Jaza petroli ya daraja la juu kuliko zote inayopatikana kwenye kituo unachokiamini, weka plagi mpya za aina iliyoandikwa kwenye kitabu, na usikubali mtu akuongezee presha ya turbo. Gari likipanda mlima kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, shusha gia. Kulikandamiza hapo ndipo pistoni zinapopasuka.

Na kile kifaa cha kuacha injini iungurume dakika tatu baada ya kutoa funguo? Turbo ya gari hili inapozwa kwa maji pia, na maji yanaendelea kuzunguka yenyewe kupitia kile kitanki hata injini ikizimwa. Endesha kwa utulivu kilomita mbili za mwisho kabla ya kufika nyumbani, yatosha.

Tairi, maana breki zote zinaishia hapo

Sijaziweka kwenye kichwa cha habari kwa sababu kila mtu anazijua, na kila mtu anazipuuza. WRX hizi zilitoka na rimu za inchi 16 au 17, saizi zinazokutwa sana zikiwa 205/55R16 na 215/45R17. Kwa barabara zetu mimi nachagua 16 kama breki zinaruhusu. Ukuta wa tairi ukiwa mrefu, shimo linakuachia rimu yako.

Soma tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri lakini ya miaka minane ni plastiki ngumu, kwenye mvua haishiki kitu. Tena gari hili linasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi zote nne ziwe aina moja, saizi moja na uchakavu unaolingana. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizokwisha, mizunguko haitalingana, na ile difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inachemka kufidia tofauti. Dalili zake utaziona ukikata kona kali kwenye maegesho: gari linarukaruka kama limefungwa kamba. Presha ijazwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba za kwenye stika ya mlango wa dereva, siyo kwa jicho la kijana wa pancha.

Breki

Kuna mahali pa kujaribia breki ambapo huhitaji kwenda kwenye uwanja wa mashindano. Teremka Kitonga kutoka upande wa Iringa nyuma ya malori, au teremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu. Ukifika chini na pedali imekuwa ndefu na laini, breki zako zilichemka. Mara nyingi si kwamba kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, ni ndogo. Ni majimaji ya breki ya zamani.

Majimaji hayo hunyonya unyevu hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu wake inaweza kuchemka kuanzia 155. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanwa, ndiyo maana pedali inazama. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya "kuboresha breki" inagharimu chupa moja au mbili: toa yote ya zamani, weka DOT 4 mpya iliyofunguliwa siku hiyo, na urudie kila miaka miwili. DOT 5.1 nayo inafaa ukitaka zaidi. DOT 5 usiiguse, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. Kutoa hewa kwenye gari hili anza mbele kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kushoto, malizia nyuma kulia, na kopo lisikauke katikati ya kazi.

Hatua ya pili ni kalipa zilizopo. Zifunguliwe, pistoni zitolewe, ziwekewe raba mpya za seti. Zile za kuteleza zisafishwe pini zake na kupakwa grisi ya breki inayovumilia joto, siyo grisi ya beringi. Kalipa moja iliyokwama inakula pedi upande mmoja, inavuta gari pembeni na inakula petroli, na mwenye gari anaishia kulaumu alaimenti (mpangilio wa magurudumu). Ukiwa hapo hapo badilisha hozi za mpira. Za waya wa chuma zinaipa pedali ugumu mzuri, lakini mpya za mpira za kiwanda nazo zitakushangaza ukizilinganisha na za miaka ishirini.

Diski zina unene wa chini kabisa ulioandikwa kwenye chuma chenyewe. Pima, usikadirie. Kabla ya kufunga mpya, uso wa habu upigwe brashi ya waya mpaka ung'ae, kwa sababu punje ya kutu hapo inageuka mtetemo kwenye usukani ukifunga breki kwenye kasi. Nati za magurudumu zikazwe kwa toki renchi, takriban Nm 100, kwa mpangilio wa nyota. Ile mashine ya hewa ya kwenye pancha ndiyo inayokata boliti.

Pedi ni mahali ambapo watu wanadanganyika na majina. Pedi za mashindano zinahitaji joto kwanza ndipo zishike. Asubuhi ya kwanza ya foleni, mtoto wa shule akikatiza barabara, pedi hizo bado zimelala. Chukua pedi za barabarani za daraja la juu kutoka kampuni inayojulikana, kwa muuzaji atakayekupa risiti. Gerezani pale Kariakoo na Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi utapata za kweli na za kuigwa kwenye rafu moja, na boksi zinafanana. Pedi ya kuigwa mara nyingi inajitambulisha kwa mapovu kwenye gundi, maandishi ya stika badala ya ya kugongwa, na bei inayokufurahisha kupita kiasi.

Ukishafunga diski na pedi mpya, zizoeshe. Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 80 kwa saa, funga breki kwa nguvu ya wastani mpaka 20, usisimame kabisa, ongeza tena. Rudia mara nane hadi kumi. Kisha endesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe. Ukisimama na kubana pedali zikiwa na moto, pedi inaacha alama kwenye diski na mtetemo unaanza siku hiyo hiyo.

Hayo yote yakifanyika na bado unataka zaidi, WRX isiyo na kalipa za pistoni nne mbele inaweza kupokea zile za pistoni nne za Subaru zenye diski ya milimita 294, na rimu nyingi za inchi 16 zinapita. Kwa gari la kila siku hapo ndipo mimi nasimama. Kalipa za Brembo za STI, toleo kali zaidi la WRX, zina diski za milimita 326 mbele na 316 nyuma, zinataka rimu ya inchi 17 inayozipisha, na pedi zake ni bei nyingine. Za mbele zinafunga moja kwa moja, lakini za nyuma zinakuja na kazi ya breki ya mkono, maana ngoma yake ndani ya diski ni kubwa kuliko ya WRX na bati la nyuma linabidi libadilishwe. Angalia pia matundu: WRX hizi ni boliti tano kwenye duara la milimita 100, STI kuanzia modeli ya 2005 ni 114.3. Diski na rimu za huko haziingii kwako. Kuhusu vile vifuniko vyekundu vya plastiki vyenye maandishi ya Brembo vinavyogundishwa juu ya kalipa ya kawaida, kazi yake ni kuzuia hewa isiipoze kalipa.

Miguu

Miguu ni shokapu, springi na vinavyoviunganisha na magurudumu, na gari hili lilitoka kiwandani likiwa na mizuri. Unalolihisi leo kwenye usukani ni bushi zilizokufa. Kabla hujanunua springi za rangi, badilisha hizi: bushi kubwa ya nyuma ya kontroli amu ya mbele, boljointi, mwisho wa tairodi, bushi za boksi la usukani, na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Linki za WRX ni za plastiki na zikivunjika hutasikia kishindo, gari linalala tu kwenye kona. Bushi ngumu za polyurethane weka kwenye boksi la usukani na stabilaiza. Kwenye kontroli amu baki na raba mpya ya kiwanda, au kila jiwe la rafu rodi utalijua kwa jina.

Kuna kosa moja la gereji linaloua bushi mpya ndani ya mwezi: boliti kukazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Raba inashikwa ikiwa imejisokota, gari likishuka inabaki imevutwa muda wote mpaka inachanika. Fundi afunge boliti kwa mkono, ashushe gari likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, ndipo akaze. Simama pale uone.

Shokapu ndiyo zamu inayofuata. Zibadilishwe zote nne, pamoja na maunti za juu na vile vizuizi vya mpira ndani yake. KYB za aina ya kiwanda zinapatikana kwa urahisi na kwa matumizi ya mjini na safari zinatosha kabisa. Seti za kurekebisha urefu kutoka Tein au BC Racing ni nzuri ukinunua mpya na kuzisafisha mara kwa mara, maana vumbi na tope vinakwamisha nyuzi zake. Za mtumba kutoka Japani usizinunue, shokapu iliyokwisha ni iliyokwisha hata ikiwa ya dhahabu. Ukikutana na shokapu za STI zilizogeuzwa juu chini zikagonga kwenye matuta, jaribu kwanza kuzifungua na kuzipaka grisi ndani, mara nyingi ndicho kilichokauka.

Na kushusha gari? Milimita 15 au 20, basi. Ukizidi hapo kontroli amu za mbele zinapita ulalo na kuelekea juu, na kitovu ambacho gari linalala juu yake kinashuka kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Matokeo yake gari linaonekana la mashindano na linalala kwenye kona zaidi ya lilivyokuwa. Hapo sijataja matuta ya mitaa yetu wala sampu ya oili iliyo chini kabisa mbele.

Pesa ya springi iweke kwenye stabilaiza ya nyuma. Gari hili kwa asili linakimbia na pua: ukiingia kona kwa kasi, mbele inasukuma kwenda nje. Stabilaiza ya nyuma ya kiwanda ni ya milimita 20 kwenye nyingi. Ukiweka ya 22, ugumu wake unaongezeka karibu nusu nzima, kwa sababu ugumu wa fimbo unapanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ifungwe na linki za chuma na mabano imara. Tofauti utaiona kwenye raundi ya kwanza. Ya 24 waachie wenye kwenda uwanjani, kwenye mvua inaweza kukuzungushia mkia.

Alaimenti ije mwisho kabisa, baada ya kila kitu hapo juu kufungwa na gari kutembea kilomita mia moja au mia mbili springi na bushi zikae. Boliti ya juu inayoshika shokapu ya mbele ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Mwambie fundi wa mashine akupe kemba ya mbele kati ya nyuzi 1 na 1.5 hasi, kushoto na kulia zilingane, magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa bila kuingia wala kutoka, na ya nyuma vivyo hivyo au yaingie kidogo sana ndani. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi akisema Subaru haina kemba ya kurekebisha, chukua funguo zako.

Gia na difu

Hapa ni fupi. Gia boksi ya gia tano ndiyo sehemu dhaifu ya WRX na hakuna kifaa cha kuiimarisha kwa bei ya kawaida isipokuwa mguu wako: usiondoke kwa kurusha klachi, maana kwa kushika magurudumu manne tairi haziserereki, meno ndiyo yanayolipa. Mwaga oili ya gia boksi uweke 75W-90 ya GL-5, takriban lita tatu na nusu, na difu ya nyuma karibu lita 0.8. Kabla ya kufungua plagi ya chini, hakikisha plagi ya kujazia ya difu inafunguka. Zikikwama baada ya kumwaga, gari limelala hapo.

Likiharibika njiani, breikidauni ya kubeba gari lote juu ndiyo unayoita. Ile ya kuinua mbele na kuburuta nyuma inazungusha magurudumu mawili huku mengine yamesimama, na difu ya katikati itakuwa imeungua kabla hujafika gereji. Dereva wa breikidauni atakwambia amebeba Subaru nyingi hivyo hivyo. Mwambie alipe yeye, uone kama ataendelea kubisha.